Karatasi Isiyo na Mistari

Majirani zangu hapa Area D, Dodoma mjini, wanaamini kwamba pilau inanidhuru. Sijawasahihisha. Wiki chache zilizopita palikuwa na harusi nyumba ya nyuma, mpishi akaloweka zafarani kwenye bakuli la marashi ya waridi, na upepo wa adhuhuri ukaileta ile harufu mpaka kwenye beseni nililokuwa nafulia. Niliziacha nguo kwenye povu, nikaingia ndani, nikafunga madirisha yote licha ya joto lile. Binti yangu akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka babu yangu tu. "Jamani, pole mama," akasema, akanishika bega, kana kwamba kumkumbuka babu ni jambo jema siku zote.

Babu yangu alikuwa mtu wa kalamu. Hakuandika vitabu wala barua. Aliandika makombe na hirizi, na kwa kazi hiyo alijulikana kutoka vijiji vyetu vya milima ya Kondoa hadi Mpwapwa, ambako wateja walipanda basi alfajiri ili wamkute barazani. Walimwita Mwalimu. Alikaa juu ya ngozi ya mbuzi, mbele yake sahani nyeupe, kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, na kikombe cha wino wa zafarani. Zafarani ya kweli ilikuja mara mojamoja kwa wafanyabiashara. Ilipokosekana alikoroga rangi ya pilau ya pakiti, akanikonyeza nisiseme, nami nilijiona mtu mkubwa kwa kuitunza siri ile. Aliandika aya juu ya sahani, akaziosha kwa marashi, na mgonjwa akanywa yale maji ya manjano mpaka tone la mwisho. Hilo ndilo kombe. Watu walikunywa maneno, wakajifuta midomo, wakashukuru.

Yako maneno yaliyonywewa, na yako yaliyovaliwa shingoni au kiunoni yakiwa yameshonewa kwenye kitambaa cheusi. Mengine yalichomwa juu ya makaa ili mwenye shida ajifukize moshi wake, na mengine yakazikwa chini ya kizingiti ili mwizi akivuka apotewe na njia. Kila mwaka, wiki ya mtihani wa darasa la saba, watoto walipanga foleni na peni zao mpya, Babu akazisomea moja moja na kuzipuliza. Nilikua nikijua kwamba karatasi ina kazi hizo: kunywewa, kuvaliwa, kuchomwa na kuzikwa. Kusomwa niliona ni mambo ya shuleni tu, ambako tulisoma kwa kuogopa fimbo.

Babu alikuwa na sharti moja juu ya karatasi: isiwe na mistari. "Maneno ya Mungu si treni," alisema, "hayahitaji reli." Wa umri wangu watayakumbuka yale madaftari yetu yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, yote yalikuwa na mistari, hayakumfaa. Kwa hiyo tuliokota. Mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ukurasa wa daftari la kuchorea la mtoto wa mwalimu mkuu, ambalo sitasema lilifikaje kwetu. Msimu wa uchaguzi ndio uliokuwa mavuno yetu, maana bango la mgombea lina sura mbele lakini nyuma ni jeupe kama maziwa. Yuko mama mmoja wa kijiji cha pili aliyejifungua mapacha huku amevaa kiunoni sikio la mgombea udiwani. Babu alicheka kwa hilo mpaka akakohoa. "Upande wa mbele si kazi yetu," aliniambia. "Sisi tunaandika nyuma."

Mimi ndiye niliyekuwa mkunjaji. Nilikuwa darasa la tatu, vidole vyangu vyembamba, na Babu alisema hajapata kuona mtoto anayekunja vile. Karatasi ya hirizi hukunjwa mara saba, na kila mara mkunjo huja kuelekea kifuani kwako. Ukikunja kwa kwenda mbele, heri inaondoka. Nilikunja, nikapigilia kingo kwa ukucha, nikazungushia kaniki na kushona kwa uzi mweusi mishono midogo iliyosogeana. Wateja waliniangalia wakanyamaza. Sijawahi tena kuheshimiwa kiasi kile, si siku ya harusi yangu wala siku niliyopandishwa cheo.

Mama hakupenda. Alikuwa Mgogo wa Ihumwa, amekulia karibu na reli, akasilimu alipoolewa na Baba na kuja kuishi kwenye makorongo yetu mekundu asikokuwa na ndugu hata mmoja. Alikuwa mtulivu, mwenye maneno machache, na kila nilipomaliza kushona aliniuliza swali lilelile: "Na kazi ya shule, Zaina, umeshamaliza?" Nilimwonea huruma. Nilidhani anaona wivu kwamba Babu amenichagua mimi.

Mwaka ninaousema Mama alikuwa mjamzito. Uwele ulikuwa umeiva, na watu wote walikuwa shambani wakifukuza ndege, lakini Mama alishinda kitandani kwa sababu miguu ilikuwa haiingii tena kwenye ndala. Uso nao ulivimba, akawa mzuri kwa namna ya ajabu, kama mtoto mnene. Alilalamikia kichwa. Alisema anaona vitu kama vimulimuli mchana kweupe. Babu alimwandikia kombe kila asubuhi, nami ndiye niliyempelekea, naye alikunywa bila kusema kitu na kunirudishia sahani.

Siku ya kliniki nilimsindikiza zahanati, tukitembea na kupumzika. Daktari alikuwa kijana, mgeni, mwenye koti linalomzidi mikono. Alimpima presha, akarudia kupima, kisha akambonyeza mguu kwa dole gumba. Alipolitoa, shimo lilibaki pale kwenye nyama kama kwenye unga wa ngano uliokandwa. Alilitazama lile shimo muda mrefu. Halafu akavuta karatasi nyeupe, isiyo na mstari hata mmoja, akaandika haraka kwa peni ya bluu maandishi ambayo sikuweza kusoma hata herufi moja, akagonga muhuri wa zambarau, na kuupuliza.

Nilimwona kwa macho yangu akiupuliza. Leo najua alitaka wino ukauke.

"Mama, nisikilize," akasema. "Hii unaenda nayo hospitali ya wilaya, wiki hii hii. Watakuweka chigonela, ile nyumba ya wajawazito wanaosubiri siku zao, mpaka ujifungue. Usije ukaipoteza. Bila karatasi hii utahangaika."

"Nitamwambia mwenye nyumba," Mama akajibu.

"Mwambie ni jambo la haraka."

Njiani Mama aliishika ile barua mkononi, hakuitia mfukoni wala kwenye kanga. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwa na furaha. Nilikuwa nimeona kila kitu nilichokijua: karatasi isiyo na mistari, maandishi yasiyosomeka, pumzi ya mwandishi, na masharti. Nikasema moyoni, kumbe na zahanati wanaye Mwalimu wao.

Baba aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara mbili tu, vibaya, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. "Nitaongea na mzee," akasema. Baba yangu alikuwa mtu mwema. Hilo lilisemwa kijiji kizima, na lilisemwa tena juzijuzi alipozikwa: hajapata kugombana na mtu. Alikuwa na umri wa kuwa na mke, mtoto na mashamba mawili, lakini hakununua hata jembe kabla ya kuongea na mzee.

Nilikuwepo alipoongea naye, nikikunja pembeni. Babu hakupandisha sauti. "Mkwe wa nani huyo anayetaka kwenda kulala kwa manesi mwezi mzima?" akauliza. "Wa Mwalimu. Wewe ukiwa mteja wangu, umetoka Mpwapwa na mgonjwa wako, ukaambiwa mkwe wa Mwalimu kapelekwa hospitali, utasema nini? Utasema mganga hajigangi, utageuza basi urudi kwenu."

"Ndiyo, baba," akasema Baba.

"Mwache anywe kombe. Mimba si ugonjwa."

Siku zikapita, na barua ikabaki sandukuni. Hapo ndipo akili yangu ya darasa la tatu ilipoanza kufanya kazi, na nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kuipamba. Niliona watu wazima wamesahau. Daktari kaandika, kapuliza, kasema ni jambo la haraka, nao wameifungia dawa kwenye bati badala ya kumnywesha mgonjwa. Babu nilimwelewa, hawezi kugusa kombe la mwandishi mwingine, hiyo ni adabu ya kazi. Baba alikuwa mzembe tu. Nani basi aliyebaki?

Alasiri moja, wote wakiwa kwenye uwele na Mama amejilaza, nilitoa barua sandukuni, nikachukua sahani nyeupe ya Babu na chupa ya marashi, nikaenda nyuma ya jiko. Niliilaza karatasi kwenye sahani, nikamimina. Muhuri ulilegea mara moja, zambarau ikatambaa kwenye maji, ikapendeza. Lakini maandishi ya bluu yaligoma. Nilingoja. Nikatikisa sahani. Zafarani ya Babu ilikuwa ikitoka kwa kupulizwa tu, lakini haya yalikaa palepale. Nikaanza kusugua kwa kidole, nikasugua kwa nguvu, karatasi ikachanika, ikawa vipande, vipande vikawa uji, na bado ndani ya uji niliona vijiti vya bluu ambavyo havikuyeyuka. Niliuchuja ule uji kwa kona ya kanga, nikaumwaga pale yanapomwagwa mavi ya kuku, na maji ya zambarau nikampelekea Mama.

Alijiinua kwa kiwiko. "Leo ni rangi gani hii? Babu kabadilisha wino?"

"Hii ni ya daktari, mama."

Alitabasamu. Alidhani nacheza. Alikuwa mama wa namna hiyo, ukimpelekea ugali wa udongo atajifanya anatafuna. Akanywa yote, akakunja uso. "Chungu," akasema.

"Basi itafanya kazi," nikamjibu, kama Babu anavyowajibu wateja.

Siku mbili baadaye Mama alimshinda Baba, naye akakubali aende hospitali. Sijui alimwambia nini Baba, ila asubuhi alipoamka alikuwa na kanga mbili zimefungwa, beseni, na kipande cha sabuni. Shangazi, dada yake Baba aliyekaa nyumba ya jirani, alikuwa amekuja kumsindikiza mpaka kwenye basi. Baba akapiga magoti, akavuta sanduku. Akapekua. Akatoa nguo zote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na naapa sikuogopa; nilikuwa nangoja kusifiwa.

"Mama alishainywa," nikasema.

Hakuna aliyeelewa, ikabidi nieleze yote: marashi, muhuri, kusugua. Baba alivua ndala akaja. Mama akasema, "Mwache." Alisema kwa sauti ndogo lakini Baba alisimama. Kisha Mama akakaa kitandani taratibu na kunivuta kwake. "Ulikuwa unanisaidia," akasema. Halikuwa swali. Na kutoka barazani, ambako habari ilikuwa imeshafika, nikasikia Babu akicheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Mtoto ana kipaji!" akawa anasema. "Hajafundishwa na mtu! Basi, Mungu mwenyewe kaifunga njia hiyo."

"Kuna nyingine," Mama akasema. "Daktari hajafa. Baba Zaina, nenda akakuandikie nyingine."

Baba alichukua baiskeli. Alirudi adhuhuri, jasho limemchora mgongoni, akamwambia Mama bila kumtazama kwamba zahanati hakumkuta daktari, kaenda semina Dodoma mpaka wiki ijayo. Mama alimtazama kwa muda, kisha akageukia ukutani. Shangazi akalifungua furushi na kuzirudisha kanga kwenye kamba.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Babu aliniita. Alinipa karatasi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Nilishangaa, maana kukunja ndiyo kazi yangu, na yeye mikunjo yake haikuwa sawa. "Hii ni ya mama yako," akasema. "Nimeiandika mwenyewe. Usiifungue. Ishone vizuri kuliko zote ulizowahi kushona, iwe fidia ya ulichofanya." Nilishona mshono juu ya mshono. Nilijichoma kidole mara mbili na sikujali. Nilimfunga Mama mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, naye akaniangalia tu nikifunga. Siku zilizofuata mkono ulivimba na ile kamba ikazama, ikabidi kila siku niilegeze.

Alikufa siku ya sita, asubuhi, jua limeshakuwa kali. Alianza kutetemeka nikiwa nasuka nywele za mwanasesere wangu wa mabua miguuni pake. Macho yaligeuka. Shangazi alikuja mbio na mwiko akamtia menoni, wanawake wakajaa chumbani, mmoja akasema ni jini wa makorongoni, mwingine akaniambia niishike hirizi niombe. Niliishika kwa mikono yote miwili. Nilihisi mkono wake ukipiga chini yake, ukapiga, halafu ukaacha. Mtoto wa tumboni alikwenda naye. Kabla ya kumuosha, Shangazi aliikata ile kamba kwa mkasi, Baba akaipokea hirizi na kuitia sandukuni.

Tangu siku hiyo nilikuwa na jina. Si jina la kuitwa, la kuelezwa: huyu ndiye yule aliyeiloweka barua ya mama yake. Walilisema kwa huruma wakinishika kichwa. Baba alimweleza mama wa kambo siku ya kwanza kabisa aliyoingia nyumbani. Alimweleza mwalimu wangu. Alikuja kuwaeleza wakwe zangu, mbele ya sinia la chakula, machozi yakimlengalenga: "Mtoto hakujua. Mimi nilishamsamehe siku ileile." Miaka yote alinisamehe hadharani. Hakuna kitu kinachochosha kama kusamehewa na mtu asiyechoka. Nilitumwa maji, nilipikishwa, niliachishwa shule mwaka mzima kuuguza mama wa kambo, na sikuwahi kusema hapana, kwa maana mtu aliyemuua mama yake atakataa nini?

Babu alikufa nikiwa kidato cha pili, amezungukwa na wateja wake. Mimi nilihamia mjini, nikaajiriwa masjala, kazi ya kutunza majalada. Wenzangu hunitania kwamba karatasi ikipita mezani kwangu haifi. Natoa nakala tatu za kila kitu. Mvua ikinyesha nainuka kitini kukagua dari. Hawajui, na sikuwaambia, kwamba ninamlipa Mama deni la barua ile.

Baba alifariki mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi. Siku ya arobaini tulikusanyika kijijini kwa hitima, na nikapewa kazi ya kuchambua vitu vyake, kwa kuwa mimi ndiye mzoefu wa makaratasi. Sanduku lilikuwa lilelile. Chini kabisa, ndani ya soksi, niliikuta hirizi. Niliitambua kwa mshono. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kushona mshono juu ya mshono kwa namna ile, na doa dogo la kahawia kwenye uzi lilikuwa damu ya kidole changu.

Sikupanga kuifungua. Nilitaka tu kuishika. Lakini kaniki ilikuwa imeliwa na nondo, ikaachia yenyewe pembeni, na nikaona ndani, kwenye ukingo wa karatasi, kitu cha zambarau.

Nilichukua wembe. Nilikunjua mikunjo ile saba ya ovyo. Upande wa nyuma palikuwa na aya za Babu, zafarani imefifia ikawa rangi ya chai. Upande wa mbele ni peni ya bluu na muhuri. Jina la Mama. Tarehe ya siku ileile ya baiskeli. Maelezo ya kidaktari kwa Kiingereza, namba za presha ambazo sasa nazielewa. Na chini kabisa, kwa ajili ya mtu ambaye hakujua Kiingereza, yule kijana alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama unavyomwandikia mtoto: APELEKWE LEO. USISUBIRI.

Shangazi alikuwa jikoni akipepeta mchele. Ni mzee sasa, hasikii vizuri sikio moja. Nilimwekea ile karatasi juu ya ungo, mbele ya mikono yake. Hajui kusoma, lakini aliijua. Aliiondoa juu ya mchele kwa vidole viwili.

"Aliitunza?" akauliza. "Nilidhani aliizika."

"Shangazi, daktari hakwenda semina."

"Hakwenda." Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Baba yako alirudi nayo. Alipita kwanza kwa mzee kuomba ruhusa. Mzee akaichukua, akaigeuza, akasema, hii karatasi ni nzuri, haina mistari. Akaandika. Baba yako alikuwa amesimama palepale."

"Babu hakujua kusoma herufi hizi."

"Mzee hakujua. Mimi sikujua."

"Baba alijua."

"Baba yako alijua," akasema. "Alituambia ilivyoandikwa. Mzee akasema, basi itakuwa mwilini mwake, maneno ya daktari mbele na ya Mungu nyuma, mnataka nini zaidi? Na baba yako akaona ni jambo la busara. Alikuwa katikati, Zaina. Baba mzazi huku, mke kule. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ningekuwa mimi. Nilikuwa mimi! Nilikuwa na miaka tisa, niliichukua barua nisiyoweza kuisoma nikaitumia kama nilivyofundishwa, na wakanifanya nilie kwa hilo maisha yangu yote. Yeye aliisoma akaielewa, akasimama kumwangalia baba yake akiandika mgongoni mwa barua, kisha wakaniita mimi niishone. Hata kuishona hawakushona wenyewe. Nilimwambia Shangazi hayo, na sikusema kwa upole. Nilimuuliza kama siku hizo zote alizonishika kichwa mbele za watu alikuwa anajua. Akasema alikuwa anajua. Nikamuuliza alijisikiaje.

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu," akasema. "Tugange yajayo."

"Nimechoka na methali, Shangazi. Nimezaliwa nyumba ya kuganga."

Hakukasirika. Aliinuka, goti likalia, akaleta sahani nyeupe na jagi la maji, akaviweka mbele yangu. "Hiyo ina maneno ya Mungu nyuma, haitupwi ovyo, haichomwi na takataka," akasema. "Iloweke, itoke yote, maji umwage pasipokanyagwa. Yaishe. Watu wamekuja kumwombea ndugu yao, usiwaharibie. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Nadhani hakukusudia kunichoma. Watu wa nyumbani kwetu hawakusudii.

Niliilaza karatasi kwenye sahani, nikamimina maji. Safari hii sikusugua. Nilikaa kwenye kigoda nikaangalia. Zafarani ya Babu iliondoka kwanza, ikainuka kwenye maji kama mvuke mwembamba, na ile harufu ikanijia usoni, hafifu, ya zamani, nami sikukimbia. Muhuri ukafuata. Nilipoona maji yameshapata rangi, niliitoa karatasi kwa ncha za vidole, nikamwaga maji chini ya mpapai ambako hakuna anayepita, kama inavyotakiwa, maana sina ugomvi na maneno yale. Kisha nikaibana barua kwenye kamba ya nguo kwa vibanio viwili. Jua la kwetu halina mchezo, sikungoja sana.

Shangazi alisogea, akaitazama kwa karibu, akafinya macho. Upande mmoja ulikuwa mtupu. Upande wa pili mistari ya bluu ilikuwa imejaa vilevile, kama imeandikwa jana.

"Mbona haikutoka?" akauliza.

"Peni haitoki, Shangazi. Hilo nililijua nikiwa darasa la tatu."

Akanishika mkono. "Baba yako alituambia kwa kifupi tu. Imeandikwa nini hasa?"

Nikamsomea, kuanzia jina la Mama mpaka mwisho, nikimtafsiria Kiingereza chote, naye alisikiliza sikio zima likiwa limeelekezwa kwangu. Nilipofika kwenye herufi kubwa alisema inatosha, nimesikia, punguza sauti. Lakini barazani hitima ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wameanza kumsifu marehemu, na mmoja wao alishafika pale pa mtoto aliyeiloweka barua na baba aliyemsamehe. Nikaichomoa barua kwenye vibanio, ingali na unyevu, nikaenda mlangoni kwao, nikaisoma tena.